Breka ya shawa inajikata watoto wakioga: niweke ya 32 au nibadilishe waya?

BabaWatatu (Kigamboni)

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijampa fundi hela Jumamosi.

Nyumba yangu ni ya vyumba vitatu, tumehamia mwaka jana. Bafuni kuna shawa ya umeme, kwenye kibandiko imeandikwa 220 V, 5500 W. Breka yake ni ya ampea 20 na waya ni wa mili 2.5 (yaani milimita za mraba). Akioga mtu mmoja hakuna shida yoyote. Shida ni asubuhi za shule. Saa kumi na moja na nusu anaingia mkubwa, anafuata wa kati, na wa mwisho ndiyo kwanza amejipaka sabuni kichwani, breka inajikata. Maji yanageuka baridi, mtoto analia. Nikiirudisha papo hapo inashuka tena baada ya dakika mbili tatu. Nikiiacha ipoe, inakaa vizuri.

Fundi aliyefanya wayaringi anasema breka ni ndogo, ninunue ya 32, kubadilisha ni kazi ya dakika tano. Jirani yangu anasema nisiguse breka kabla ya kubadilisha waya. Waya unatoka kwenye sanduku la breka koridoni, unapanda juu ya dari, unapita chini ya mabati kama mita 18, halafu unashuka bafuni. Paipu hiyohiyo imebeba pia waya za soketi za vyumbani na za taa.

Jambo jingine, sijui kama linahusika: wiki iliyopita nilisikia harufu kama ya samaki karibu na swichi ya shawa. Nikadhani inatoka jikoni.

Nani yuko sahihi hapa, fundi au jirani?

KijanaWaSaiti (Dodoma)

Mkuu, hiyo breka ya 20 haiiwezi shawa hiyo. 5500 gawanya kwa 230 unapata karibu ampea 24. Weka ya 32 kama fundi alivyosema, ila vuta waya wa mili 4. Jedwali linasema mili 4 ndani ya paipu inabeba ampea 32. Breka 32, waya 32, kazi imeisha. Nimefunga hivyo nyumba nyingi na hakuna mteja aliyerudi kulalamika.

MamaFundi (Tanga)

Baba Watatu, pole na asubuhi za shule. Tuanze na ile harufu ya samaki, maana ndiyo ya haraka. Zima breka ya shawa leo hii, usingoje Jumamosi. Plastiki ya swichi na ya soketi ikipata moto kupita kiasi hutoa harufu hiyohiyo ya samaki, na watu wengi wanapoteza siku nzima wakikagua friji. Watoto wachemshiwe maji jikoni kwa hizi siku chache.

Sasa breka. Haijaharibika, inafanya kazi yake. Shawa yako imepimwa kwa volti 220, kwa hiyo ukiipa 230 inavuta zaidi ya kilichoandikwa: kama ampea 26. Breka za nyumbani za kiwango cha kimataifa cha IEC 60898 hazitakiwi kujikata ndani ya saa moja zikibeba mara 1.13 ya namba yake, na zinatakiwa ziwe zimejikata ndani ya saa moja zikibeba mara 1.45. Kwa breka ya 20 hiyo ni ampea 22.6 na ampea 29. Shawa yako imeangukia katikati. Ndani ya breka kuna utepe wa metali mbili unaopinda kwa joto. Mtoto wa kwanza anaupasha, wa pili anaongeza, wa tatu ndiye anayekutwa na sabuni. Na ukiirudisha haraka utepe bado ni wa moto, ndiyo maana haikai.

Kwa hiyo fundi wako kasema kweli kwamba ampea 20 haitoshi shawa. Kosa lake ni kufikiri kwamba breka ipo kwa ajili ya shawa. Breka inalinda waya uliotoka kwake kwenda huko. Ukiweka ya 32 juu ya waya wa 2.5, ampea 26 hazitaikata kamwe, na kukitokea hitilafu inaweza kubeba hadi ampea 46 kwa muda mrefu ndiyo ikate. Utakuwa umemfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele.

Je, waya wako unaweza kubeba nini? Hapa ndipo mafundi wengi tunaposoma namba moja kwenye jedwali na kufunga daftari. Jedwali la IEC 60364 linasema waya wa shaba wa 2.5 wenye plastiki ya kawaida ya PVC, ukiwa ndani ya paipu kwenye ukuta wa tofali, unabeba ampea 24. Waya huohuo ukiwa ndani ya ukuta uliojazwa vitu vya kuzuia joto, ni 19.5. Kebo yenye nyaya mbili ndani yake ikipigwa klipu wazi juu ya ukuta, inabeba 27. Shaba ni ileile, kinachobadilika ni jinsi joto lake linavyopata pa kutokea. Na namba zote hizo ni kwa hewa ya nyuzi joto 30.

Wewe huna nyuzi 30. Waya wako unapita chini ya mabati. Natembea na kipimajoto kwenye mkoba wa vifaa, na juu ya dari ya bati hapa Tanga, mwezi wa Februari saa nane mchana, nimewahi kusoma 52. Kwa nyuzi 50 unazidisha kwa 0.71, kwa hiyo 24 inakuwa 17. Kisha kwenye paipu kuna saketi ya soketi. Saketi mbili kwenye paipu moja zinapashana joto, unazidisha tena kwa 0.8. Umebaki na ampea 13.6. (Za taa siziweki kwenye hesabu kama ni balbu za LED, maana mkondo wake ni mdogo mno.) Waya wa ampea 13.6 umepitisha 26 mwaka mzima, na breka ya 20 haikuwa halali kwake tangu siku ya kwanza.

KijanaWaSaiti (Dodoma)

Shikamoo Mama. Hesabu nimeielewa, ila watoto wanaoga alfajiri. Saa kumi na moja na nusu bati limepoa, huko juu labda ni nyuzi 25. Hizo 50 umezitoa wapi? Na mili 4 mbona umeiruka?

MamaFundi (Tanga)

Marahaba mwanangu, swali zuri. Waya haujui ratiba ya shule. Siku ya sikukuu wageni wataoga saa tisa alasiri mmoja baada ya mwingine, na breka ya 32 itawaruhusu. Waya unapimwa kwa saa yake mbaya kuliko zote.

Mili 4: ndani ya paipu ni ampea 32, umesoma sawasawa. Lakini ni kwa nyuzi 30. Ukutani tu, kwa hewa ya nyuzi 35 ambayo Pwani si ajabu, inashuka hadi 30. Chini ya bati inashuka hadi 22 na ushei. Kanuni ni kwamba mkondo wa kifaa usizidi namba ya breka, na namba ya breka isizidi uwezo wa waya pale ulipo. Kwako shawa 26, breka 32, waya 22. Mnyororo umekatika mwishoni.

Unasema hakuna mteja aliyerudi. Na mimi nilikuwa nasema hivyo. Mwaka 2009 nilifunga shawa kwenye nyumba moja huko Muheza, mili 4 juu ya dari na breka ya 32, kama nilivyofundishwa kazini na aliyenitangulia. Haikujikata hata siku moja. Baada ya miaka minne wakaniita kwa jambo jingine kabisa, walitaka feni sebuleni. Nikapanda darini. Pale kwenye mlango wa dari walikuwa wameweka magunia mawili ya sufi ya kujazia magodoro, yamelala juu ya paipu yangu. Nikayasogeza, paipu ilikuwa imelegea na kubonyea. Nikazima meni, nikavuta waya. Kipande kilichokuwa chini ya sufi, ganda lake lilikuwa limegeuka hudhurungi na lilinibanduka mkononi kama ganda la yai, shaba ikabaki tupu. Kipande kilichopita chini ya bati bila kufunikwa kilikuwa kigumu, nilipokikunja kikapasuka. Kisha nikashuka nikakunja waya uleule pale unapoingia ukutani kuelekea bafuni. Ulikunjika laini kama umetoka dukani leo.

Ule ulikuwa waya mmoja, roli moja, mkondo mmoja, miaka ileile minne. Tofauti ilikuwa mahali ulipolala. Nilikaa juu ya boriti na vile vipande vitatu mkononi, chini nasikia watoto wa ile nyumba wanacheza. Tangu siku hiyo siulizi kwanza ukubwa wa waya, nauliza unapita wapi. Baadaye nilijifunza kwamba waya ukizungukwa na kitu cha kuzuia joto kwa zaidi ya nusu mita, uwezo wake unahesabiwa nusu. Sufi si kitu kingine ila hicho.

Plastiki hii imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 pale inapogusa shaba. Ukizidisha hapo haiungui siku hiyohiyo. Inakauka taratibu miaka kadhaa huku kila kitu kinafanya kazi, na joto linapanda kwa mraba wa mkondo: ampea 26 kwenye waya wa ampea 17 si joto la mara moja na nusu, ni zaidi ya mara mbili.

BabaWatatu (Kigamboni)

Mama, asante sana. Nimezima tangu juzi. Jana nilizima na meni, nikafungua swichi ya shawa. Nyuma imeandikwa 20 A. Upande wa nyutro plastiki imekuwa rangi ya kahawa na ganda la waya limekauka kama urefu wa vidole viwili. Sikuwa najua kwamba na swichi ina namba yake.

Kabla ya kuzima, rafiki yangu alikuja na mita ya kubana. Shawa ikiwa inafanya kazi ilisoma ampea 25.7, na volti kwenye sanduku la breka 226. Inaendana na hesabu yako kabisa.

Swali: nikivuta waya wa 6 kupitia palepale juu ya dari, kwenye paipu yake peke yake, breka ya 32 itakubali? Au niweke breka ya 25 ili niwe salama zaidi?

MamaFundi (Tanga)

Mili 6 ndani ya paipu yake ni ampea 41. Zidisha kwa 0.71 ya chini ya bati, unapata 29. Breka ya 32 imezidi. Breka ya 25 ingekaa chini ya 29, lakini shawa yenyewe inavuta karibu 26, na breka hizi zimepimwa kwenye nyuzi 30. Sanduku lako la koridoni likipata joto la Januari, likiwa limebana breka nyingine pembeni, mtoto wa tatu atabaki na sabuni kichwani tena.

Una njia mbili. Ukibaki darini, vuta mili 10: 57 mara 0.71 ni 40, breka ya 32 inakaa kwa raha. Lakini waya wa 10 ni ghali, ni mgumu kukunja, na vishikio vya swichi nyingi haviupokei vizuri. Njia ya pili ni kuhama darini. Hebu niambie, ukuta wenye sanduku la breka upande wa pili kuna nini?

BabaWatatu (Kigamboni)

Upande wa pili ni nje, nyuma ya nyumba. Bafu nalo liko upande huohuo. Mapaa yametoka kama mita moja, kwa hiyo ukuta una kivuli karibu siku nzima. Nimepima kwa futi: mita 14 kutoka sanduku hadi bafuni.

MamaFundi (Tanga)

Basi Mungu amekupa njia. Toboa ukuta nyuma ya sanduku, tindua lipu ya ukuta wa nje chini ya mapaa, laza paipu ya milimita 25 yenye nyaya tatu za mili 6: laivu, nyutro na arthi. Tufanye hewa ya pale ni nyuzi 40, ambayo ni kujilinda vya kutosha: 41 mara 0.87 ni karibu 36. Shawa 26, breka 32, waya 36. Sasa mnyororo umeshikana. Na umeme unaopotea njiani utakuwa chini ya volti 3; ule waya wa zamani wa mita 18 ulikuwa unakula zaidi ya 8.

Swichi weka ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, nje ya bafu. Arthi usimwachie fundi aseme "ipo tu": akuonyeshe inavyopimwa, na bafu liwe chini ya kinga ya kuvuja umeme ya milliampea 30. Mtafute mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Waya wa zamani wa 2.5 autoe kabisa kwenye paipu ya darini, ili soketi nazo zipumue.

WaKisauni (Mombasa)

Hamjambo wote. Mimi ni fundi wa stima huku Mombasa, na huku kwetu volti ni 240, kwa hivyo shawa hiyohiyo ya 5500 ya volti 220 inavuta ampea 27 na kitu. Hesabu za Mama Fundi ni zizo hizo nifanyazo.

Nataka kuongeza moja tu: hakikisha hiyo mili 6 ni mili 6. Nimeletewa waya umeandikwa 6 ubavuni na ndani hata 4 haufiki. Vua ganda hesabu nyuzi: waya wa 6 wa kawaida una nyuzi saba, kila mmoja kipenyo chake ni milimita 1.04. Wa 4 pia una nyuzi saba, ila ni 0.85, kwa hivyo kuhesabu pekee hakutoshi, pima. Huna kipimo cha vipenyo, tumia mizani ya dukani. Mita 100 za mili 6 zina shaba ya zaidi ya kilo 5, bado ganda. Roli nzima ikija na kilo 4, irudishe. Kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu zote zilizoandikwa hapa hazina maana kwake.

KijanaWaSaiti (Dodoma)

Mama, nimekaa na daftari langu usiku kucha. Kuna nyumba nne nilizofunga mili 4 darini kwa breka ya 32. Hao wateja nitawapigia. Nikibadilisha breka tu niweke ya 20 kwa muda, ni sawa?

MamaFundi (Tanga)

Ni sawa, mwanangu, kwa muda. Mili 4 chini ya bati, ikiwa peke yake kwenye paipu, ina 22, hivyo breka ya 20 inaulinda waya. Shawa itajikata wakioga wengi, na wewe waeleze kwa nini ili wasimwite mtu mwingine akaweka ya 32 tena. Ukiwa huko kunja waya kidogo pale juu ya dari. Ukiwa mgumu, usiuache hata kwa muda. Umefanya vizuri kuwapigia.

BabaWatatu (Kigamboni)

Wakuu, kazi imefanyika Jumamosi. Nilipata fundi mwingine, mwenye leseni. Dukani nilipima roli kama alivyosema ndugu wa Mombasa: ya kwanza nyuzi zilikuwa 0.9, nikaiacha, ya pili ilikuwa na alama ya TBS (shirika la viwango) na nyuzi zikasoma 1.04. Paipu imepita nje chini ya mapaa, lipu imerudishwa. Waya wa zamani ulipotoka darini ulikuwa bado laini isipokuwa pale kwenye swichi, nadhani kwa kuwa ni mwaka mmoja tu.

Leo asubuhi wameoga wote watatu na mama yao wa nne. Mita ilisoma 25.9. Nikashika breka kwa nje ilikuwa ya vuguvugu tu, swichi nayo hivyohivyo.

MamaFundi (Tanga)

Alhamdulillah. Chukua kalamu ya wino mzito, uandike ndani ya mfuniko wa sanduku: "Shawa, breka 32, waya 6, njia ya nje." Siku utakapokuwa safarini na fundi mwingine akaja, asome kabla hajagusa. Na baada ya mwezi mmoja zima meni, ukaze tena skrubu za breka na za swichi. Shaba mpya hukaa vizuri ikishapata moto na kupoa mara kadhaa, na skrubu hulegea.